Jile ya kuzuia risasi: kati ya kinga na wepesi wa mwendo, askari achague nini?

Askari anayepanda kilima cha Masisi akiwa na bunduki, risasi, maji na chakula cha siku mbili tayari amebeba mzigo. Akiongezewa jile ya kuzuia risasi yenye mabamba mbele na nyuma, anapata kinga ya moyo na mapafu, lakini anaongeza pia kilo kumi hivi mwilini. Akiivaa, atafika juu amechoka. Akiiacha kambini, risasi moja ya AK-47 inatosha kumaliza kila kitu.

Swali hilo halikuanzia Congo. Majeshi tajiri ya dunia, likiwemo la Marekani, yamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 20. Yalitumia pesa nyingi, yakaongeza uzito, kisha yakaanza kuupunguza. Mambo yaliyowapata Iraq na Afghanistan yanagusa moja kwa moja vita vya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambako sehemu kubwa ya mapigano inafanyika kwa miguu, kwenye vilima, matope na misitu.

Si kila jile inazuia risasi ya AK

Watu wengi wanaamini kwamba aliyevaa jile hawezi kupenywa na risasi. Hilo si kweli, na ni kosa linaloweza kuua.

Jile ya kawaida inashonwa kwa tabaka nyingi za kitambaa kigumu. Kitambaa kinachojulikana zaidi ni Kevlar, kilichotokana na uvumbuzi wa mwanakemia Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont mwaka wa 1965. Nyuzi zake zinaikamata risasi ya bastola na kuipunguza mwendo mpaka inasimama. Zinazuia pia vipande vidogo vya bomu au grenedi. Jile ya namna hiyo ni nyepesi, na mtu anaweza kuivaa chini ya shati.

Lakini risasi ya bunduki ni jambo lingine. Risasi ya AK-47 inatoka kwenye mtutu kwa mwendo wa karibu mita 700 kwa sekunde, takriban mara mbili ya risasi ya bastola ya milimita 9. Tena ni nyembamba na imechongoka. Inapita kwenye kitambaa bila shida. Ili kuizuia, lazima jile iwe na bamba gumu ndani yake.

Bamba hilo mara nyingi limetengenezwa kwa kauri ngumu sana, na nyuma yake kuna tabaka la plastiki maalum. Risasi inapogonga kauri, ncha yake inavunjika. Kauri nayo inapasuka mahali palipogongwa, na tabaka la nyuma linakamata vipande. Bamba moja la ukubwa wa kati lina upana wa karibu sentimita 24 na urefu wa karibu 32, na uzito wa kilo mbili au zaidi. Linafunika moyo, mishipa mikubwa na sehemu ya mapafu. Shingo, mabega, kwapa, kinena na miguu vinabaki nje.

Taasisi ya Marekani inayoweka vipimo vya jile, NIJ, ilikuwa inazigawa kwa ngazi. Jile ya ngazi ya IIIA inazuia bastola tu. Ngazi ya III inazuia risasi za kawaida za bunduki, na ngazi ya IV inazuia hata risasi yenye kiini cha chuma kigumu kilichotengenezwa kutoboa kinga. Mwaka wa 2023 taasisi hiyo ilitoa vipimo vipya: herufi HG kwa jile za kuzuia bastola na RF kwa zile za kuzuia bunduki. Mtu anayenunua au anayepewa jile kwa kazi ya Kivu, ambako karibu kila mwenye silaha anabeba AK, anapaswa kusoma kwanza alama hiyo. Jile ya HG au IIIA isiyo na bamba haimlindi na silaha anayoogopa zaidi.

Marekani: kutoka kukosa kinga mpaka kuzidiwa na uzito

Marekani ilipoingia Iraq Machi 2003, ilikuwa na jile mpya iliyoitwa Interceptor. Pamoja na mabamba yake mawili ilikuwa na uzito wa kilo 7 na nusu hivi. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu jile iliyotangulia, ya miaka ya 1980, ilitengenezwa kuzuia vipande vya mabomu tu.

Shida ilikuwa kwamba mabamba hayakutosha. Askari wengi waliingia vitani na jile za zamani au jile mpya zisizo na mabamba. Familia nyumbani zilianza kununua mabamba kwa pesa zao na kuyatuma Iraq. Suala hilo likageuka aibu ya kisiasa mjini Washington, na ilichukua mpaka mwanzoni mwa 2004 ndipo askari waliokuwa vitani wakapata mabamba.

Halafu likaja pigo la pili. Januari 2006, gazeti la New York Times lilifichua uchunguzi wa madaktari wa jeshi juu ya majeraha 93 yaliyoua askari wa kikosi cha Marines nchini Iraq, kuanzia Machi 2003 mpaka Juni 2005. Katika majeraha hayo, 74 yalikuwa ya risasi au vipande vya bomu vilivyoingia kwenye mabega, ubavuni au sehemu nyingine za kiwiliwili ambazo bamba halikufunika. Maana yake ilikuwa nzito: wengi wao huenda wangepona kama kinga ingekuwa pana zaidi.

Baada ya habari hiyo, hakuna mwanasiasa aliyetaka kuonekana anawanyima askari kinga. Mabamba ya ubavuni yalipelekwa kwa haraka. Yakaongezwa mabamba mazito zaidi ya mbele na nyuma, vipande vya kufunika mabega na kwapa, kola ya shingo na kinga ya kinena. Jile ya kilo 7 na nusu ikafika karibu kilo 15.

Wakati huohuo, baadhi ya askari waliokuwa Iraq walisema waziwazi kwamba hawataki uzito zaidi. Walieleza kwamba mtu asiyeweza kukimbia, kuinama au kuinua mkono kulenga hana kinga ya kweli. Wakubwa wao walijikuta katikati: upande mmoja familia zilizofiwa, upande mwingine askari wanaolalamika kwamba wanavalishwa nguo ya chuma.

Afghanistan: mlima haukubali mzigo

Iraq ilikuwa vita ya miji na barabara, na askari wengi walisafiri ndani ya magari. Afghanistan ilikuwa vita ya milima, na hapo ndipo hesabu ya uzito ilipogoma.

Mwaka wa 2003, timu ya jeshi la Marekani ilifuatana na askari wa miguu nchini Afghanistan ikipima kila kitu walichobeba. Iligundua kwamba askari aliye tayari kwa mapigano, bila mfuko mkubwa wa mgongoni, alibeba kwa wastani karibu kilo 29. Katika mwendo wa kawaida wa kuelekea vitani alibeba karibu kilo 46. Katika mwendo mgumu zaidi alifika karibu kilo 60. Kwa msomaji wa Goma au Bukavu anayejua uzito wa bidoni ya lita 20, hizo ni bidoni tatu zilizojaa, zikipandishwa mlimani kwa siku nzima, na bado mtu anatazamiwa kupigana akifika.

Kitabu cha mafunzo cha jeshi hilohilo, cha mwaka wa 1990, kilishauri mzigo wa mapigano usizidi asilimia 30 ya uzito wa askari mwenyewe, na mzigo wa mwendo usizidi asilimia 45. Uwanja wa vita ulikuwa umekivuka kitabu kwa mbali.

Adui upande wa pili alikuwa na bunduki, magazini chache na viatu vyepesi. Hakuwa na jile. Alipiga risasi kutoka upande mmoja wa bonde, akaondoka kabla Wamarekani hawajapanda. Makamanda wengi waliona kwamba askari wao walikuwa wamelindwa vizuri lakini hawakuweza kumfikia mtu waliyetumwa kumtafuta.

Hapo mwelekeo ukaanza kubadilika. Kuanzia 2009, jeshi la Marekani lilianza kuwapa askari wa Afghanistan jile fupi inayobeba mabamba tu, bila mikono wala kola. Mwaka wa 2018 ilianza kugawiwa jile mpya ambayo askari anaweza kuipunguza au kuiongeza kulingana na kazi. Ikiwa kamili ina uzito wa karibu kilo 11, wakati iliyotangulia ilikuwa na kilo 13 na nusu hivi. Kikosi cha Marines nacho kilipata jile nyepesi kwa karibu robo kuliko ile ya zamani.

Hata hivyo, mzigo wote haukushuka sana. Mwaka wa 2017, ofisi ya Bunge la Marekani inayokagua matumizi ya serikali iliripoti kwamba vifaa vya kinga peke yake vilikuwa na uzito wa kilo 12 hivi kwa askari mmoja, na mzigo mzima ulifika wastani wa kilo 53 au 54. Kila kilo iliyookolewa kwenye jile ilichukuliwa na kitu kingine: betri, redio, darubini ya usiku, risasi zaidi.

Uzito nao unajeruhi

Wanaotetea jile nzito wana hoja rahisi kueleweka: risasi inaua leo, uchovu unapita. Lakini takwimu za hospitali zinaonyesha kwamba uchovu haupiti bila kuacha alama.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010 katika jarida la tiba The Lancet ulichunguza askari zaidi ya 34,000 walioondolewa Iraq na Afghanistan kwa sababu za kiafya kati ya 2004 na 2007. Sababu ya kwanza haikuwa risasi wala bomu. Asilimia 24 waliondolewa kwa matatizo ya mifupa, viungo na misuli. Majeraha ya mapigano yalikuwa asilimia 14. Mzigo si chanzo pekee cha maumivu hayo, lakini migongo na magoti yaliyobeba kilo 50 kwa miezi mingi yako ndani ya hesabu hiyo.

Kuna joto pia. Jile inafunga kiwiliwili na kuzuia jasho lisikauke. Madaktari wa jeshi la Marekani wanashauri kwamba penye joto na unyevu, askari aliyevaa jile ahesabiwe kama yuko mahali penye joto zaidi kwa karibu digrii 3 za Selsiasi. Katika msitu wa bonde la Semuliki au tambarare ya Ruzizi, tofauti hiyo inaweza kumtoa askari kwenye uchovu wa kawaida na kumfikisha kwenye kuzimia. Atahitaji maji zaidi, na maji yenyewe ni uzito: lita moja ni kilo moja.

Tena kuna sekunde. Askari anayekimbia kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine anaonekana na adui kwa muda mfupi tu. Mzigo ukimchelewesha, muda huo unarefuka. Akichoka, anaangalia chini badala ya kuangalia mbele, anachelewa kuona, na analenga vibaya. Kwa hiyo kilo za kinga zinapunguza uwezekano wa kufa akipigwa, lakini zinaweza kuongeza uwezekano wa kupigwa. Mizani yote iko hapo.

Hesabu ya askari wa kilo 60

Jile na mabamba havipungui sana kwa sababu mvaaji ni mwembamba. Moyo wa mtu mdogo unahitaji bamba linalokaribia lile la mtu mkubwa. Hapo majeshi ya Afrika yana hesabu ngumu kuliko ya Wamarekani, ambao askari wao wengi wana uzito wa kilo 80 na zaidi.

Chukua askari mwenye kilo 60. Asilimia 30 ya uzito wake ni kilo 18. Akivaa jile kamili ya kilo 11 na kofia ya vita ya kilo moja na nusu, amefika kilo 12 na nusu. Bunduki ya AK yenye magazini iliyojaa ni kilo 4 hivi. Jumla ni kilo 16 na nusu. Kinachobaki ni kilo moja na nusu: magazini moja ya akiba na chupa ndogo ya maji. Hakuna redio, hakuna chakula, hakuna dawa, hakuna koti la mvua.

Maana yake si kwamba askari huyo asivae jile. Maana yake ni kwamba mtu anayempa jile kamili lazima aseme pia ni nini kitaachwa, au ni gari gani litabeba vingine. Mahali ambapo barabara imekatika na gari halifiki, jibu halipatikani kwa urahisi.

Kwa wanawake walio jeshini, tatizo ni la umbo pia. Kwa miaka mingi walipewa jile zilizokatwa kwa kifua cha mwanamume. Bamba linagonga mapaja wakikaa, linaacha nafasi chini ya kwapa, na linazuia kitako cha bunduki kukaa vizuri begani. Jeshi la Marekani lilianza kugawa jile zilizokatwa kwa ajili ya wanawake mnamo 2013 tu. Jile isiyomkaa mtu inamlemea mara mbili: uzito ni uleule, lakini kinga ni ndogo.

Mashariki mwa Congo: vita vya miguu, mabomu na droni

Katika picha nyingi zinazotoka kwenye mistari ya mapigano ya Kivu ya Kaskazini na Kusini, wanaonekana wapiganaji wasio na jile wala kofia ya vita, hasa wa makundi ya wenyeji. Wengine wanaonekana wamevaa jile, lakini kwa macho tu haiwezekani kujua kama kuna bamba ndani. Wanatembea haraka na wanajua njia za vilima. Wakipigwa risasi ya kifua, hawana cha kuwakinga.

Kwa upande mwingine wako walinda amani wa MONUSCO, wenye kofia za bluu, jile zenye mabamba na magari ya deraya. Kinga hiyo imeokoa wengi, lakini haijamaliza hatari. Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani huko Semuliki, teritware ya Beni, ilishambuliwa kwa saa kadhaa. Walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Januari 2025, katika mapigano ya Sake na Goma yaliyoishia kwa M23 kuingia mjini Goma, Afrika Kusini ilipoteza askari 14. Wanajeshi hao walitoka katika majeshi yenye vifaa. Kambi iliyozungukwa au barabara iliyofungwa haiokolewi na jile.

Aina ya silaha nayo inabadilika. Mapigano ya Sake yaliendeshwa kwa mabomu ya mbali kwa muda mrefu. Mei 3, 2024, mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani za Mugunga na Lac Vert, pembezoni mwa Goma, yakaua raia, wengi wao wanawake na watoto. Februari mwaka huohuo jeshi la Congo lilisema uwanja wa ndege wa Goma ulishambuliwa na droni, likailaumu Rwanda.

Mabomu na droni zinasukuma mizani upande mwingine. Katika vita vya Ukraine, majeraha mengi yanatokana na vipande vya mabomu na droni kuliko risasi za bunduki. Kipande cha bomu hakilengi moyo. Kinaruka kila upande. Kinga inayofaa hapo ni pana: kitambaa kinachofunika shingo, mabega na ubavu, hata kama bamba ni dogo. Askari anayekaa kwenye handaki akisubiri mabomu anahitaji jile tofauti na yule anayepanda kilima usiku kumfuata adui. Kuwapa wote wawili jile moja, na amri moja ya namna ya kuivaa, ni kumkosea mmoja wao.

Ndiyo sababu majeshi mengi sasa yanachagua jile inayoweza kubadilishwa. Askari wa kizuizi cha barabarani anaivaa kamili, kwa sababu hatembei mbali na anaweza kushambuliwa kwa ghafla. Askari wa doria ya miguu anabaki na mabamba mawili na kitambaa kidogo. Anayevuka mto au kupanda boti kwenye ziwa Kivu anapaswa kuwa na jile inayofunguka kwa kuvuta kamba moja, kwa sababu kilo 11 majini zinamzamisha mtu kabla ya adui kumwona. Jile ya Marekani ya mwaka wa 2007 iliwekewa kamba hiyo.

Nani anaamua?

Jile ya kubadilishwa inaleta swali la amri. Kama kila mmoja anajichagulia, wengi watavua mabamba siku ya jua kali, na siku hiyohiyo mmoja atapigwa. Kama uamuzi unatoka makao makuu, mkubwa aliye mbali ataogopa lawama na kuamuru kila mtu avae kila kitu, popote. Ndivyo ilivyotokea Iraq baada ya 2006: hakuna ofisa aliyetaka kuandika barua kwa familia akieleza kwamba yeye ndiye aliyeruhusu bamba livuliwe.

Jibu linalokubalika zaidi ni kumpa uamuzi kamanda aliye karibu na uwanja, anayejua kilima, joto, umbali na silaha za adui, na kumlinda asiadhibiwe kwa uamuzi uliofanywa kwa nia njema. Jibu hilo linataka makamanda waliofunzwa na wanaoaminiwa na askari wao. Bila hilo, jile ya kisasa kuliko zote inabaki stoo au inauzwa sokoni.

Jile peke yake haitoshi

Kuna jambo jingine ambalo takwimu za Marekani zimeliweka wazi. Madaktari walichunguza vifo 4,596 vya askari wa Marekani katika vita kuanzia 2001 mpaka 2011. Karibu asilimia 87 walikufa kabla ya kufika hospitalini. Kati ya hao, robo hivi walikuwa na majeraha ambayo huenda yangetibika. Na kati ya hao waliokuwa na nafasi ya kupona, tisa kati ya kumi walikufa kwa kutoka damu.

Garo, ule mkanda wa kukaza mkono au mguu unaovuja damu, hauna hata uzito wa robo kilo na bei yake ni ndogo sana kuliko ya bamba. Bandeji ya kukandamiza jeraha ni nyepesi hivyohivyo. Kwa jeshi lenye bajeti ndogo, kumpa kila askari garo, kumfundisha kuitumia kwa mkono mmoja, na kupanga namna ya kumtoa majeruhi kilimani kabla giza halijaingia kunaweza kuokoa maisha mengi kwa pesa na kilo chache. Bamba linazuia jeraha la kifua. Jeraha la paja linazuiwa kuua na mtu aliye karibu anayejua la kufanya.

Pia jile inataka kutunzwa. Bamba la kauri likiangushwa kwenye mawe linaweza kupasuka ndani bila kuonekana kwa nje. Jeshi la Marekani linayapiga mabamba yake picha za eksirei kuyakagua. Kitambaa kinachoka kwa jua, jasho na unyevu. Mwaka wa 2005, NIJ iliondoa idhini yake kwa jile zilizotengenezwa kwa nyuzi za Zylon baada ya kuonekana kwamba zinapoteza nguvu kwa haraka, hasa penye joto na unyevu. Jile za mitumba zinazopita mkono kwa mkono, bila tarehe wala alama, zinaweza kuwa na sura ya kinga tu.

Somo hilo linawahusu pia waandishi wa habari, wafanyakazi wa mashirika ya misaada na walinzi wa mbuga wanaofanya kazi kwenye barabara za Rutshuru, Masisi na Beni. Vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa viliacha nafasi kwa jile na kofia za waandishi na wafanyakazi wa misaada kuingizwa Congo. Lakini mwandishi aliyeandikwa PRESSE kifuani juu ya jile isiyo na bamba anaweza kusogea karibu na mapigano kuliko ambavyo angethubutu bila hiyo. Kinga ya uongo inampeleka mtu mahali ambapo hofu ingemzuia.

Desemba 20, 2022, Baraza la Usalama liliondoa sharti la kuarifiwa mapema kabla ya silaha kuuzwa kwa serikali ya Congo. Tangu hapo mazungumzo mengi ya umma yamekuwa juu ya ndege, droni na mizinga. Vifaa hivyo vinaonekana kwenye maandamano ya kijeshi na vinapigwa picha. Jile, garo na viatu vizuri havipigiwi makofi, lakini ndivyo vinavyoamua kama kijana aliyepelekwa mstari wa mbele atarudi kwa mama yake.

Raia, kwa upande wake, hana mizani ya kupima. Mama wa Mugunga aliyeangukiwa na bomu hakuwa na jile ya kilo 11 wala ya kilo 5. Kwake yeye, kinga ni moja tu: mapigano kuwa mbali na mahali anapolala na watoto wake.